Somo la filamu lisiwe la wachache

Mtaa wa Dallas, mjini Embu, una jina moja na mchezo wa televisheni wa Marekani ulioanza kuonyeshwa mwaka wa 1978. Vijana wake, sawa na wenzao kote nchini, wamekulia kwenye picha za wageni: za Marekani, za Hong Kong na za Nigeria. Je, ni lini tutaiona Dallas yetu katika picha zilizotengenezwa na wana wake?

Swali hili si la mzaha. Tangu Januari 2026, mwanafunzi wa Gredi ya 10 katika sekondari pevu anaweza kuchagua somo la Maigizo na Filamu, lililo katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Chini ya mfumo wa 8-4-4, filamu haikuwa somo la kutahiniwa katika KCSE. Hatua hiyo yafaa kupongezwa.

Hata hivyo, wapo wazazi wanaodhani kuwa huku ni kupoteza wakati. Wamekosea. Kuchambua filamu ni kuuliza ni kwa nini kamera imewekwa chini, ni kwa nini sauti imekatwa ghafla, na ni uso wa nani ulioachwa nje ya picha. Maswali hayo ni ndugu wa yale ambayo mwalimu wa fasihi huuliza kuhusu riwaya na tamthilia. Na siku hizi, video bandia zinapoundwa na kompyuta, asiyejua kuisoma picha atadanganywa mchana kweupe.

Katika Nairobi Half Life, filamu ya mwaka wa 2012 iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, kijana Mwas anauza filamu kijijini huku akiziigiza mbele ya wateja. Anapokwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaangukia mikononi mwa wezi. Kipaji alikuwa nacho. Alichokosa ni mwalimu na njia.

Hapo ndipo wasiwasi wetu ulipo. Sekondari pevu zimegawanywa: za mikondo mitatu na za mikondo miwili. Hizi za pili hufundisha sayansi na masomo ya jamii, bila sanaa. Mtoto wa Dallas ambaye mzazi wake hawezi kumudu karo ya bweni atasoma shule ya kutwa iliyo karibu. Iwapo shule hiyo ni ya mikondo miwili, somo hilo kwake litabaki jina katika karatasi.

Twaiomba Wizara ya Elimu iziruhusu shule jirani zishirikiane mwalimu mmoja wa filamu. Walimu wanaosimamia vyama vya maigizo wapewe mafunzo wakati wa likizo. Na simu, ambayo shule huiona kuwa adui, ikiwa chini ya ulinzi wa mwalimu inatosha kuwa kamera ya kwanza. Katika Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka wa 2018, wanakijiji wanashirikiana kumtengenezea filamu msichana mgonjwa. Hawakungoja studio.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lakini atachezaje kwao yule aliyenyimwa uwanja?