Meza ya Mwalimu: Aliye Juu Atashukaje?



Mhariri amenikabidhi barua ya mama mmoja wa hapa kwetu Ohio. Kijana wake wa miaka 22 amealikwa na wenzake wa kazini kwenda kuwinda kulungu kwa upinde, na juma lililopita alirejea nyumbani na mfuko uliojaa mikanda, kamba na vyuma ambavyo mama hajapata kuviona. Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, je, vyuma hivi vitamrudisha mwanawe chini salama? La pili linahusu nyama na namna ya kuihifadhi. Leo nitashughulika na la kwanza tu, maana msimu wa upinde katika jimbo hili huanza mwishoni mwa Septemba, nao huendelea hadi mwanzoni mwa Februari.

(Ninamwita kulungu kwa kukosa jina lililo bora. Huyu wa huku ana mkia mweupe, na pembe za dume huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Kulungu wa kwetu pembe zake ni za maisha.)

Masuala ya sheria nitayapitia kwa haraka. Kijana awe na leseni. Anayeikata kwa mara ya kwanza hutakiwa awe amehitimu kozi ya wawindaji, au achukue leseni ya mwanagenzi na afuatane na mwindaji mzoefu. Akiwinda katika shamba la mtu, awe na kibali cha maandishi cha mwenye shamba. Hayo yakishatimia, tuingie msituni.

Mwindaji wa upinde hupenda kukaa juu ya mti ili mnyama asimwone wala asimnuse kwa urahisi. Zamani wengi walitumia viti vya chuma vilivyofungwa shinani. Siku hizi vijana wengi wanapendelea kitu wanachokiita tandiko, ingawa farasi hayupo. Ni kipande cha nguo ngumu chenye mikanda, kinachozunguka makalio na mapaja. Mbele yake pana kitanzi, na kutoka katika kitanzi hicho hupanda kamba fupi iliyofungwa kwenye shina, juu kidogo ya kichwa. Kamba hiyo fupi nitaiita mshikizo. Mwindaji huelekea shina, miguu yake ikiwa juu ya kibao kidogo, akaegemea nyuma kama mtu aliyeketi katika bembea. Tandiko ni jepesi, hubebwa mgongoni kwa maili kadhaa, na aliyelivaa akilizoea hufungwa mtini tangu anapoondoka ardhini mpaka anaporudi. Hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Mama anaongeza katika barua yake kwamba babu wa kijana alikuwa mkwezi wa minazi, basi huenda kipaji kimo katika damu. Ninawaheshimu sana wakwezi. Lakini mkwezi hupanda mchana, mwili ukiwa na joto, huku mikono na miguu yake ikigusa vidato anavyovijua, na kazi ikiisha hushuka mara moja. Mwindaji wa Novemba huketi saa tatu au nne bila kutikisika, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Sheria humruhusu kuwinda mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo hushuka gizani. Hali hizo mbili hazilingani hata kidogo.

Ndiyo sababu shauri langu kwa kijana ni hili: achague kwanza kifaa cha kushukia, ndipo achague kamba inayokifaa, na mwisho kabisa ndipo afikirie kifaa cha kupandia. Wengi huanza upande wa pili. Hutumia fedha zote kwa upinde na tandiko, halafu huazima chochote cha kuwateremsha. Kupanda kuna subira. Ukichoka unapumzika, ukishindwa unarudi. Kushuka uzito wako wote umo mkononi, na mkono umechoka.

Katika kuchagua kifaa cha kushukia, swali moja latangulia mengine yote. Je, mikono yote miwili ikiachia, kutatokea nini?

Chukua kile kipande cha alumini chenye umbo la tarakimu 8, ambacho wapanda milima wamekitumia kwa miaka mingi. Ni rahisi, ni chepesi, hakina kinachoharibika ndani yake, na bei yake ni ndogo. Kamba hupindwa ndani yake, na msuguano ukapunguza mwendo. Lakini anayeshika breki ni mkono wako. Nyuki akikuuma, tawi likikupiga jichoni, ganzi ikikushinda, mkono ukaachia, nane haitakushika. Anayekitumia lazima afunge chini yake fundo la akiba, yaani kamba nyembamba iliyozungushwa mara kadhaa juu ya kamba kuu na kuunganishwa na tandiko, ili mkono ukiachia fundo likaze. Kwa mjuzi, mpango huo unatosha. Kwa mwanafunzi wa msimu wa kwanza, gizani, ni fundo moja zaidi la kukosea.

Vifaa vya aina ya pili hujibana vyenyewe. Kinachojulikana zaidi ni GriGri ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Ndani yake mna ulimi wa chuma unaozunguka kamba inapovutwa kwa nguvu, ukaibana kamba isipite. Ili kushuka, unavuta mkono wa kifaa polepole huku mkono wa pili umeshika kamba chini. Bei yake hupita dola mia, na najua kwa nini kijana angesita. Hata hivyo nikiulizwa na mzazi, nitasema hiki kitangulie kununuliwa kabla ya kingine chochote.

Lakini hata hiki kina masharti. Kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyesimama chini kumlinda mwenzake apandaye mwamba, na mtengenezaji anausifu kwa kazi hiyo, wawindaji wamekiazima. Kwa hiyo maelekezo yasomwe yote. Kamba ikitiwa kinyume, ulimi hautabana. Ndiyo maana michoro ya upande wa mpandaji na upande wa mkono imechongwa juu ya chuma chenyewe. Tena mtu akiingiwa na hofu na kuuvuta ule mkono mpaka mwisho, atashuka kama ndoo kisimani. Toleo liitwalo GriGri+, lililotoka mwaka 2017, lina namna ya kusimama lenyewe mkono ukivutwa kupita kiasi, na kwa mwanafunzi ningelipenda hilo.

Hapa tuje kwenye kamba, maana ndipo vijana wanapoponzwa. Kila kifaa cha aina hii kina kipenyo cha kamba kinachokifaa. GriGri ya kwanza ilitengenezwa kwa kamba za milimita 9.7 hadi 11. Ya mwaka 2019 hupokea milimita 8.5 hadi 11. Sasa fikirini kijana anayenunua GriGri kuukuu kwa bei ya mtumba, kisha kwa kupenda wepesi akanunua kamba ya milimita 8. Kila kimoja ni kizuri peke yake. Vikikutana, ulimi hauna cha kubana, kamba inateleza. Nambari zimeandikwa kwenye kifaa na kwenye kamba, na zinalinganishwa dukani kabla ya kulipa.

Kamba yenyewe iwe ile isiyonyooka sana, iliyofumwa kwa ganda la nje na moyo wa ndani. Kuna kamba nyepesi mno zilizofumwa kwa nyuzi ziitwazo Dyneema, na wawindaji hupenda kuzitumia kwa kitanzi cha mbele cha tandiko. Kwa kazi hiyo hazina neno. Lakini nyuzi hizo huyeyuka karibu na nyuzi joto 150 za Selsiasi, ilhali poliesta huvumilia mpaka karibu 250. Niliyefundisha fizikia siwezi kuliacha hili lipite. Mtu wa kilo 80 akishuka mita 6, nishati ya karibu jouli 4,700 lazima igeuke joto mahali fulani. Ikienda katika kipande kizima cha alumini, kitapata uvuguvugu tu. Ikikusanyika katika fundo dogo linaloteleza kwa kasi, ni jambo jingine. Fundo la msuguano lisifungwe kwa Dyneema kamwe.

Sasa vifaa vya kupandia. Fundo la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik wa Austria aliyelieleza mwaka 1931, bado linafanya kazi yake vizuri: husukumwa juu likiwa legevu, hukaza likibebeshwa uzito. Halina bei, nalo hufundishika jioni moja. Vipo pia vyuma vyenye ulimi wa meno vinavyopanda kamba kwa wepesi na kuuma vikivutwa chini. Vijana huvipenda kwa kuwa ni vya haraka. Ubaya wake ni kwamba meno hayo hayavumilii mshtuko. Yakipigwa kwa nguvu ya kilonyutoni 4 hadi 6 hivi, yaani kama uzito wa kilo 400 hadi 600, huweza kulichana ganda la kamba.

Mtasema, kijana wangu ana kilo 80, hizo 400 zatoka wapi? Tufanye hesabu ya ubaoni. Kamba imelegea juu yake, naye ameteleza na kuanguka nusu mita, kisha kamba isiyonyooka ikamsimamisha katika sentimita 5. Nguvu ya kumsimamisha ni uzito wake mara 11: kilo 880. Kwa kweli mwili, tandiko na kamba hunyumbuka na kupunguza kiasi, lakini mnaona jinsi nusu mita inavyotosha. Basi anayetumia chuma cha meno asiache kamba ilegee hata kidogo juu yake, na mshikizo wake daima ubaki umekaza. Matope na barafu vikijaa katika meno, chuma hicho hakiumi tena; kipanguswe kabla ya kila hatua.

Kuna pete za kufungia zinazoitwa karabina. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa zinazofanana nazo kwa dola chache, na nyingine zimeandikwa waziwazi kwamba si za kupandia. Hizo ni za funguo na chupa za maji. Karabina ya kazi ina kufuli, na ubavuni imechongwa nguvu zake. 22 ni nambari ya kawaida, maana yake kilonyutoni 22, yaani kilo 2,240 hivi. Isiyo na maandishi hayo irudishwe ilikotoka. Mama huyu anaweza kuufungua ule mfuko leo hii na kukagua jambo hili mwenyewe, hahitaji mtaalamu.

Saa ya kushuka ikifika, utaratibu ni mmoja. Mshikizo hauguswi. Kifaa hufungwa kwenye kamba ya kushukia, kikiwa na kikamba chembamba kilichokiunganisha na tandiko kisije kikaponyoka vidoleni gizani. Mwindaji hujiinua, huipunguza kamba ya ziada, kisha huketi kwa uzito wake wote juu ya kamba mpya wakati mshikizo ungali umefungwa, ingawa umelegea. Kifaa kikimshika, na ulimi ukabana alipoachia mkono kidogo, hapo ndipo mshikizo hufunguliwa. Kifaa kikiteleza, amebaki salama na ana nafasi ya kurekebisha. Wengi huzungusha kamba shinani na kuipitisha katika kitanzi chake, kisha wakafunga kamba nyembamba ya kuivutia chini baadaye. Hao wahakikishe kwamba uzito uko upande wa kamba kuu, si kwenye ile ya kuvutia. Ncha ya kamba kuu ifungwe fundo nene, na kabla ya giza aangalie kwa macho yake kama imefika ardhini.

Jambo hili lina haraka yake. Mtu anayening'inia katika mikanda bila kuchezesha miguu anaweza kuzirai katika muda wa dakika chache, kwa sababu damu hukaa miguuni, na akiendelea kuning'inia hufa. Kifaa kilichokwama ni hatari kama kilichoteleza. Aliyekwama asukume shina kwa miguu, akanyage kitanzi, asitulie. Simu iwe kifuani, si ndani ya mfuko uliotundikwa tawini, na nyumbani wajue ni mti upi na atarudi saa ngapi.

Kwa mama aliyeandika: usimkataze kijana, mwambie akuoneshe. Achague mti uani, afunge kamba, apande nusu mita tu kutoka ardhini, ashuke mara ishirini. Kisha avae glavu, afumbe macho, ashuke mara ishirini nyingine. Ukiona anapapasa akitafuta upande wa kutia kamba, bado hajawa tayari kwa mita sita.

Swali la pili, la nyama na jokofu, nitalijibu katika toleo la mwezi ujao. Wenye uzoefu wa kukausha nyama katika hali ya hewa ya huku waniandikie mapema kupitia kwa Mhariri.