BOSI, KUMFOKEA MFANYAKAZI MBELE YA WATEJA SIO KUMSIMAMIA!

Leo naomba niongelee mabosi na wafanyakazi wanaowaita "mizigo", maana hili limenikaa rohoni.

Kuna bosi mmoja hapa hapa Kiomboi, jina kapuni, ana sehemu yake ya misosi na vinywaji, na kwa kutupia pamba mjini hapa hana mpinzani. Wiki mbili zilizopita kamfokea mhudumu wake mbele ya wateja: mauzo yako madogo, mchana unapotea potea, wewe ni mzigo! Haikutosha, akaenda kumwanika kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Jumatatu yake dada wa watu akapigwa chini. Miaka miwili ya kazi, hakuna barua, hakuna onyo.

Sasa sikia. Huko "kupotea" alikuwa anakimbia nyumbani kunyonyesha, ana mtoto mchanga. Bosi hakuwahi hata kuuliza. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Halafu mauzo madogo unalinganisha na nani? Yeye alipangiwa zamu za asubuhi siku za kawaida, siku ya mnada wanapewa wengine. Asubuhi nani ananunua bia bana?

Najua kuna watakaosema naongea kirahisi kwa sababu sina biashara. Kweli wavivu wapo, mtu anachati huku mteja chipsi zake zinapoa, na bosi ana kodi ya pango na umeme unamsubiri. Sisemi afuge mtu. Lakini kanuni za mwaka 2007 zinazoenda na hiyo sheria zimeshamwonyesha njia: tafuta kwanza kwa nini kazi haiendi, muelekeze, muonye, mpe muda wa kutosha kujirekebisha. Ikigoma, muite mkae, aje na mwenzake wa kumsaidia, ajitetee, ndio umuachishe. Tena mwenye chini ya miezi 6 kazini hana kinga ya kudai kaachishwa isivyo haki, yaani mabosi wamepewa nusu mwaka mzima wa kumpima mtu. Wewe unakuja kushtuka mwaka wa pili?

Kiukweli mabosi wengi wanafoka kwa sababu kukaa na mtu pembeni dakika kumi kunawashinda. Kufoka ni rahisi na wateja wanaona bosi yupo.

Huyo dada, kama unasoma hapa au unamfahamu: anazo siku 30 tangu aachishwe kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Zimeshaanza kukatika. Mwambieni leo.