Lugha Iliyodharauliwa na Wimbo Uliosikiwa

Yasemwa na watu wenye elimu, tena kwa sauti ya uhakika, kwamba mtunzi atakaye kusikiwa na ulimwengu sharti aiache lugha ya kwao ashike lugha ya mataifa makubwa. Hoja hii huvikwa joho la busara, na wanafunzi wengi huipokea kama kwamba ni sheria ya maumbile. Lakini kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, ambacho watu wake hata leo hawafiki milioni tatu, kimekwisha kuikanusha. Kisiwa hicho ni Jamaika.

Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti, 1962. Wakati huo muziki wa ska ulikuwa ukivuma katika viwanja vya Kingston, ambako vipaza sauti vikubwa vilipangwa na watu wakacheza usiku. Ska ilizaliwa kwa ndoa ya mento, muziki wa kienyeji, na muziki wa watu weusi wa Marekani. Gitaa lake hugonga mguu unapoinuka, si unapokanyaga. Kufikia mwaka 1968 mwendo ulikuwa umepungua kasi, besi imekuwa nzito, na jina la rege likatiwa katika santuri na Toots and the Maytals. Lugha ya watu waliouumba muziki huo ilikuwa Kipatwa, lugha iliyozaliwa utumwani, yenye maneno mengi ya Kiingereza na sarufi yake yenyewe. Wenye vyeo walikiita Kiingereza kibovu. Louise Bennett, aliyekitungia mashairi miaka mingi kabla ya uhuru, alihesabiwa na wengi kuwa mchekeshaji, si mshairi.

Wapinzani hawakosi la kusema. Watamtaja Millie Small, ambaye mwaka 1964 aliimba "My Boy Lollipop", wimbo uliotungwa Marekani kwa Kiingereza chepesi, akafika nafasi ya pili Uingereza. Huo ndio mlango, wasema. Lakini mwaka 1969 Desmond Dekker alifika nafasi ya kwanza katika nchi iyo hiyo kwa "Israelites", wimbo wa dhiki ya mtu maskini, ulioimbwa kwa matamshi ya Kingston hata Waingereza wengi wakashindwa kuyafuata maneno yake. Wakaununua vivyo hivyo. Kama lugha ya nyumbani ni ukuta, ukuta huo ulipitwaje?

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi. Wasema kilichosafiri ni mdundo, si maneno. Katika mji wa São Luís, kaskazini mwa Brazili, rege imependwa tangu miaka ya 1970. Watu huicheza wawili wawili wameshikana, na nyimbo huzipa majina yao wenyewe kwa kuwa wengi hawayaelewi maneno. Ni kweli. Lakini msikilizaji wa São Luís, ambaye lugha yake ni Kireno, asingeyaelewa zaidi kama yangaliimbwa kwa Kiingereza cha mfalme. Lugha iliyodharauliwa haikumfungia mlango wowote ambao lugha iliyotukuzwa ingemfungulia. Hoja hiyo, ikitazamwa vema, yawageukia walioileta.

Tena watasema Bob Marley alipambwa kwa ajili ya wageni. Naam, katika santuri ya Catch a Fire ya mwaka 1973, Chris Blackwell alitia gitaa na kinanda vya wanamuziki wa Marekani. Alizidisha ala, hakumgeuza mwimbaji kuwa mtu wa London. Na wale waliolielewa somo hawakuiga matamshi tu. Alpha Blondy wa Kodivaa aliichukua rege, na katika "Brigadier Sabari" ya mwaka 1982 akaimba kwa Kidyula habari ya kupigwa na polisi mjini Abidjan. Hakungoja Kidyula kipewe ruhusa.

Si kwamba waimbaji wa Jamaika hawakudhulumiwa. Filamu ya The Harder They Come, ya mwaka 1972, yaonyesha kijana akiuuza wimbo wake kwa dola 20, na hadithi hiyo haikuwa ndoto tupu. Mpaka mwaka 1993 kisiwa kilikuwa chini ya sheria ya hakimiliki ya Waingereza ya mwaka 1911. Basi dhuluma ilitoka wapi? Haikutoka katika Kipatwa. Ilitoka katika mikataba na sheria, na hizo ziliandikwa kwa Kiingereza safi kabisa.

Mwaka 2018 UNESCO iliiandika rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Heshima hiyo ilikuja nusu karne baada ya wasikilizaji kutoa hukumu yao. Mwanafunzi aiachaye Kiswahili ili asikiwe mbali na alitafakari jambo hili. Yawezekana asisikiwe, lakini sababu haitakuwa lugha yake. Itakuwa kwamba hakuna mchapaji, au malipo, au hana neno la kusema. Matatu hayo yana dawa zake, na kuihama lugha si mojawapo. Mwacha asili ni mtumwa, na watumwa wa Jamaika, waliopokonywa hata asili yao, walijiumbia nyingine wakaimba kwayo.