Salfa ipo, mashine ya kupulizia iko wapi?

Kila Juni inapokaribia, gumzo la wakulima wa korosho kutoka Chidya hadi Newala ni moja: salfa imefika? Wana haki ya kuuliza. Ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ulipotambuliwa kwenye mikorosho yetu mwaka 1979, zao lililowahi kufikia tani 145,000 msimu wa 1973/74 lilikuwa limeshayumbishwa na Operesheni Vijiji, iliyowahamishia wakulima vijijini, na bei duni. Ugonjwa ukalimalizia: msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Salfa ndiyo iliyosaidia kulifufua. Lakini mjadala wetu unaishia ghalani, kwenye idadi ya mifuko, na huko shambani ndiko mavuno yanakoponea au yanakopotelea.

Salfa hukinga, haiponyi. Ukungu wa ubwiriunga hushambulia machipukizi, maua na korosho changa, na hausubiri mvua. Upepo unatosha kuusambaza. Ua likishaungua halirudi hata ulimwagie mfuko mzima. Ndiyo maana unga wa salfa unatakiwa uwahi maua yanapoanza kuchomoza, urudiwe kila baada ya wiki mbili hivi, tena alfajiri, umande ungali majanini na upepo umetulia.

Sasa mwangalie mkulima mwenye miti 100. Kwa robo kilo kila mti, mfuko mmoja wa kilo 25 unamtosha kwa mzunguko mmoja, na huenda akaupata bure. Mashine anakodi. Mwenye mashine hupulizia kwake kwanza, kisha kwa ndugu zake, na zamu ya anayekodi inafika jua limepanda au maua yameshakauka. Kwenye orodha ya ugawaji mkulima huyo anahesabiwa kuwa amehudumiwa. Hilo linaniuma kuliko uchelewaji wa salfa yenyewe.

Wapo wanaotaka tuhamie dawa za maji. Wana hoja: hupenya ndani ya mmea na hazipeperuki ovyo kama unga. Ila lita moja kwa mti ni ndoo tano kubwa kwa miti 100, kila mzunguko, katikati ya kiangazi, kwenye uwanda ambao maji yake ni ya shida. Anayependekeza aseme pia nani atazibeba ndoo hizo. Kwa kawaida ni akina mama.

Salfa nayo inaacha deni ardhini. Watafiti, Amos Majule akiwa mmoja wao, walionya miaka ya 1990 kwamba inaongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga. Humo humo, kati ya mikorosho, tunapanda karanga, na karanga ikikosa kalsiamu hutoa maganda matupu. Unga uliopulizwa ovyo unamtia mkulima hasara mara mbili.

Kwa maoni yangu, sehemu ya ruzuku ya salfa ilipie vikundi vya vijana wapuliziaji chini ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), wenye mashine zinazotunzwa, barakoa, na ratiba inayofuata maua badala ya siku ya lori kufika. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wawafundishe. Na AMCOS itakayojenga matangi ya kuvuna maji ya masika ndiyo ianze na dawa ya maji.