Yuda, Tamari na shamba la mjane

Tunapohubiri toba ndani ya familia, haraka tunakimbilia Mwana Mpotevu. Kwetu Muze naona sura ya 38 ya Kitabu cha Mwanzo ingetufaa zaidi, ingawa wengi huiruka kwa aibu.

Tamari amefiwa na waume wawili, wote wana wa Yuda. Mkwewe anamwambia arudi kwa baba yake hadi mdogo wao, Shela, akue. Shela anakua, Tamari haitwi. Hilo neno "rudi kwenu" wajane wengi wa bonde la Rukwa wanalifahamu: matanga yakianuliwa, shamba la mpunga linabaki kwa shemeji.

Baadaye Tamari anaonekana mjamzito. Yuda, ambaye bila kujua ndiye mwenye mimba hiyo, anaamuru achomwe moto. Mkosaji amekalia kiti cha hakimu. Ndipo analetewa muhuri, kamba na fimbo yake mwenyewe. Angeweza kukana, mzee wa ukoo nani angembishia? Lakini anakiri kwamba mwanamke huyu ana haki kuliko yeye, na anataja kosa lenyewe: hakumpa Shela. Hasemi "kama nimemkosea yeyote anisamehe", maneno tuliyoyazoea kila Kwaresima.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaweka kurudisha mali ya mtu chini ya fadhila ya haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inadai mkosaji arekebishe madhara kadiri awezavyo, pamoja na kurudisha alichoiba. Basi shemeji anayelima shamba la mjane hajamaliza toba yake kwa kutoka kwenye kitubio, hata kama alilia.

Wapo watakaosema ni mila. Kweli, kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamnyima mjane urithi. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki. Na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tena, katika kisa cha Yuda mila ilikuwa upande wa Tamari. Yuda ndiye aliyeikwepa.

Jumuiya zetu huchanga unga na kuimba msibani, jambo jema. Zingebaki hadi kikao cha ukoo. Pale ndipo muhuri na fimbo huwekwa wazi: nani alimwona marehemu akinunua shamba lile, na nani alilipalilia pamoja naye miaka yote.