Barua ya kuuza si barua ya kuomba

Wandugu wa koperative,

Nimesoma barua saba ambazo koperative za kandokando ya Likasi zilitaka kupeleka kwenye kampuni, hoteli na shule za mji. Sita zilikuwa na neno moja: tunaomba. Tunaomba mutufikirie, tunaomba mutusaidie kununua mazao yetu. Ya saba ilisema: tuko na shu, kilo fulani kila Jumanne, kuanzia Julai hadi Oktoba, bei ni hii, simu ni hii. Ningekuwa sekretere wa direkta, ile ya saba ndiyo ningeweka mezani kwake. Zingine ningeziweka pamoja na barua za kuomba mchango wa mpira na wa matanga.

Silaumu mutu. Hapa kwetu barua kwa kampuni imekuwa hivyo tangu wakati wa wazee. Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilikuwa mwajiri, tena ilikuwa baba: posho ya unga, nyumba, hospitali, masomo ya watoto. Kwa baba mutu anaandika akiomba. Lakini kampuni za leo si baba, ni wanunuzi, na wananunua kwa yule anayeleta. Muangalie unga wa Zambia unaopita Kasumbalesa kuja kwetu. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi kule mpaka serikali yao ikatangaza janga la kitaifa. Nafasi ya mkulima wa hapa iko, lakini haitapiga hodi nyumbani kwake.

Hata sheria iko upande wetu. Ile ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi, maana yake kazi ambazo kampuni moja inapatia nyingine, inataka kazi hizo ziende kwa kampuni za Wakongomani. Tena mara nyingi kantini ya mine haiendeshwi na mine yenyewe. Ulizeni kwanza nani ananunua chakula, barua iende kwake. Iandikwe kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, na namba ya koperative katika rejista. Pelekeni kopi mbili, moja ipigwe kashe na tarehe, murudi nayo. Bila kashe, kesho watasema haikufika.

Hayo ni mepesi. Kitu kinachoniuma ni hiki. Miaka miwili iliyopita niliandika mimi mwenyewe barua kwa ajili ya koperative moja, na jibu likaja: kilo 300 za shu kila wiki kwa kantini moja. Wiki ya kwanza tulijaza. Ya pili tulijaza. Ya tatu tulileta nusu, kwa sababu mama wauzaji walifika shambani na pesa mkononi, na kantini ilikuwa inalipa nyuma ya siku 30, kwa banki. Nani atamlaumu mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa ya masomo? Wiki ya tano kantini ilikuwa imepata mutu mwingine. Kosa lilikuwa langu. Niliandika kilo bila kuuliza nani ataweza kungojea pesa. Barua ilikuwa na sahihi ya prezida, lakini wanachama wengine hawakuiona hata siku moja.

Siku hizi naanza na kikao, kwa Kiswahili yetu, barua inakuja nyuma. Kila mutu anasema mbele ya wenzake anaahidi kilo ngapi. Tunajumlisha, naandika nusu tu. Nusu ingine inabaki kwa mama wanaolipa papo hapo. Kama kasha la koperative liko na akiba kidogo, lilipe wanachama sehemu wakati fakture inangojea. Wenzangu wa kazi wanasema ni woga, eti kampuni haitajali kilo 150. Mimi naona mpishi anataka kujua Jumanne atapika nini, basi.

Na kilo 150 si kidogo. Shu ikiwa na kilo moja na nusu, ni vichwa 100 kila wiki. Shu inaomba karibu miezi mitatu nyuma ya kupandikizwa. Ukimwaga mbegu zote siku moja, utakuwa na mlima wa shu mwezi mmoja na shamba tupu mwezi unaofuata. Kitalu kipya kila nyuma ya wiki mbili, ndivyo barua yenu itakuwa kweli.

Mzee mmoja wa upande wa Kambove aliniuliza: na kama hawajibu? Mara nyingi hawajibu. Rudini nyuma ya wiki mbili na ile kopi yenye kashe, na shu mbili tatu ndani ya kapu. Kitalu cha kwanza cha kiangazi kinamwagwa mwisho wa Machi. Kikao kifanyike mbele ya hapo, kusudi mujue mutapanda ngapi.