Tandu si wa aina moja

Ndugu mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo uliposema tandu wote ni wamoja sikubaliani nawe. Mimi ni wa Mollo, nje kidogo ya Sumbawanga. Huku Ufipa tunafukia majani kwenye matuta ya ntumba mvua zikielekea kuisha, kisha tunayasambaza kabla ya kupanda mahindi au ulezi. Majani yaliyooza yana unyevu na wadudu tele, na tandu hukauka upesi akikosa unyevu, kwa hiyo hapo ndipo nyumbani kwake. Jembe moja linaweza kumtoa wa manjano mwenye mikanda myeusi mgongoni, tuta la pili likamtoa mkubwa mwenye miguu ya samawati. Wa kwanza nadhani ni Scolopendra morsitans. Wa pili anafanana sana na Ethmostigmus trigonopodus, ambaye yuko sehemu nyingi za Afrika.

Na wewe msomaji mwenzangu uliyeshauri tuwamwagie tandu mafuta ya taa, tafadhali usifanye hivyo. Tandu anakula mende, panzi na mabuu. Ndiyo, anauma: mdogo wangu aliumwa kidole, mkono ukavimba, kesho yake akarudi shambani. Sumu inatoka kwenye miguu miwili ya kwanza iliyogeuka kuwa makucha chini ya kichwa. Lakini jike hujikunja akiyazunguka mayai yake, na hubaki na watoto mpaka waweze kujitegemea. Mkimfukua akiwa hivyo, mrudishieni udongo taratibu mhamie tuta jingine.